Kumfuata nyigu-mahameli: maneno kwa wanaoanza

Wengi wanaoanza kazi ya kuangalia wadudu porini huniambia wameona "siafu mwekundu mwenye manyoya" akikimbia mchangani peke yake. Shika hilo neno la mwisho. Siafu huenda kwa misururu, na sisimizi hata akiwa mbali ana kichuguu cha kurudi. Huyu uliyemwona hana malkia wala wenzake wa kuwafuata. Ni nyigu wa jamii ya Mutillidae, na ni jike, kwa maana majike wa jamii hii hawana mabawa maisha yao yote. Mimi humwita nyigu-mahameli kwa ajili ya yale manyoya yanayomfunika.

Nawasihi msianze na rangi. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, ya machungwa: yote hayo ni onyo kwa maadui. Spishi tofauti zinazoishi eneo moja mara nyingi huvaa sare moja, na adui aliyechomwa na mmoja huwaogopa wote. Kwa hiyo rangi itakudanganya. Hata buibui wengine huiga sare hiyo.

Tazama vipapasio. Vya sisimizi vimekunjika kama kiwiko cha mkono. Vya nyigu huyu vimepinda polepole, bila kiwiko. Kisha tazama kiuno. Sisimizi ana kifundo kimoja au viwili vilivyosimama wazi kati ya kifua na tumbo, huyu hana kifundo cha namna hiyo. Kifua cha jike kimeungana kikawa kama kisanduku kidogo. Ukiwa na kioo cha kukuzia, chunguza ubavu wa pingili ya pili ya tumbo: kwa spishi nyingi utaona kamstari ka manyoya yaliyosongamana.

Dume ni habari nyingine. Ana mabawa, hana mwiba, na huonekana mauani au akiruka chini chini juu ya ardhi akitafuta jike. Anaweza kutofautiana na jike wake kiasi kwamba wataalamu wamewahi kuwapa dume na jike wa spishi moja majina mawili. Ukiwakuta wamepandana, piga picha kabla ya jambo lingine lolote. Picha hiyo ina thamani kuliko kumi za jike peke yake.

Sasa kuhusu mikono. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimbana mmoja kwa vidole viwili, nikijua nimemshika mgongoni, mahali pa salama. Alilia kwanza, mlio mwembamba wa kukwaruza, unaotoka pale pingili za tumbo zinaposuguana. Sikuuelewa. Tumbo likajikunja, mwiba mrefu ukazunguka na kunifikia chini ya ukucha. Maumivu yalikuja kama moto na hayakuniacha upesi. Huko Marekani, Dasymutilla occidentalis amepewa jina la muuaji wa ng'ombe kwa sababu ya uchungu huo, ingawa sumu yenyewe si kali ya kuua ng'ombe. Ukichomwa, osha, weka kitu cha baridi. Ukianza kuvimba uso au kubanwa pumzi, nenda hospitali mara moja. Tumia chupa yenye mdomo mpana au kibanio. Wala usihofu kwamba utamponda: gamba lake ni gumu ajabu, na wakusanyaji wengi wameshapinda pini wakijaribu kulitoboa.

Lakini jambo ninalolipenda zaidi, na ambalo wanaoanza hulikosa kwa haraka ya kupiga picha, ni kumfuata. Kaa hatua mbili nyuma yake, kivuli chako kisimguse. Utamwona akigusagusa mchanga kwa vipapasio, akiingia kwenye kitundu na kutoka, akirudi alikotoka. Anatafuta viota vya nyuki na nyigu wanaochimba ardhini. Akipata chumba chenye buu aliyemaliza kula, au pupa (buu anayegeuka kuwa mdudu kamili), hukitoboa, hutaga yai, kisha buu wake humla mwenye chumba. Si spishi zote zinazofuata nyuki. Barani Afrika yuko anayetaga ndani ya pupa wa mbung'o. Ndiyo maana katika daftari andika alikoingia, aina ya udongo, saa, na nani mwingine anatumia tundu lile. Jina la spishi linaweza kungoja.

Siku moja nilimfuata jike kwa karibu saa nzima kwenye ukingo wa njia ya mchanga. Aliingia kwenye tundu lisilozidi unene wa penseli, akakaa ndani mpaka magoti yakaniuma. Alipotoka alijipangusa vipapasio na kwenda zake. Muda si mrefu nyuki mdogo akatua pale pale, miguu imejaa chavua, akaingia.