Mzazi kumchapa mtoto, sheria ikataze?

Mkuu umeuliza serikali inaingiaje nyumbani kwako kukukataza usimchape mwanao. Mbona imeshaingia kitambo! Sheria ya Mtoto ya 2009 huku Bara, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto ila ikaacha upenyo wa adhabu ya kumrekebisha, ilimradi isizidi kiasi kulingana na umri na hali yake na asiwe mdogo wa kutoelewa anaadhibiwa kwa nini. Sasa kiasi ndo kipi? Marehemu mama alikuwa mtu wa ndala, bibi mwiko wa ugali, jirani yetu yeye waya wa pasi, na wote watatu walikuwa wanasema wanarekebisha, mtoto wa yule jirani alikuwa anavaa sweta na joto lote hili la Dar ili mikono isionekane.

Kwa hiyo mi nasema ikataze tu, mstari uwe mmoja. Na hiyo hofu ya wazazi kujazana jela, Sweden wamekataza tangu 1979 na kile kifungu chenyewe hakikuwa hata na adhabu, walichofanya ni kuelimisha watu mpaka kwenye pakiti za maziwa wakaandika. Anayejeruhi ndo anashtakiwa, na huyo hata kwetu leo ana kosa.

Wangu ana miaka 5, nimemchapa mara moja tu, kamwaga uji. Nimeshamchapa ndo naokota kikombe, kumbe cha moto balaa.