Je, asingefunga lile bao?

Mwanangu wa pili alikuwa darasa la pili nilipomnunulia kitabu chake cha kwanza chenye mtoto anayefanana naye, mwenye usonji (autism). Nilikiokota kwenye vitabu vya mitumba Kampala, chini ya rundo la vitabu vya mapishi, kwa bei isiyofika rolex mbili, zile chapati zetu za mayai. Kijana wa humo hapendi makelele, hatazami watu machoni, na wenzake wanamcheka tangu sura ya kwanza. Sura ya mwisho anafunga bao, timu inashinda, anabebwa mabegani. Mimi machozi yananilengalenga. Yeye kimya. Akarudisha kurasa mpaka kwenye ile picha ya watoto wakicheka, akaweka kidole.

"Mama, asingefunga bao, wangeendelea kumcheka?"

Nikamwambia alale, kesho shule.

Ni miaka minne sasa na swali lile ndilo ninaloingia nalo kwenye kila duka la vitabu. Mzazi akiniuliza nimchagulie mtoto wake kitabu, namwambia afungue sura ya mwisho kwanza, palepale dukani, amesimama. Kama mtoto mwenye usonji amepata marafiki kwa sababu ameshinda kitu, au mwenye disleksia, yule ambaye kusoma herufi kunamtatiza, ghafla anasoma kama maji, kirudishe. Najua watu wengi wanavipenda vitabu hivyo na wanasema vinatia moyo. Vinawatia moyo wakubwa. Kobe wa hadithi za bibi zetu alimshinda sungura akiwa kobe vilevile, hakuna aliyempa miguu mipya.

Kwa msiotufahamu: tunakaa Walukuba, Jinja, kwenye mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Jirani wa kulia Msamia, wa kushoto Mlugbara, uani wote tunaongea Kiswahili. Jina la usonji lilichelewa kutufikia. Kabla yake tulikuwa na ripoti za shule zilizosema "mkaidi", muhula baada ya muhula, na fimbo zilizoendana na neno hilo. Shule ile tuliihama.

Vitabu ninavyovizungumzia ni vile vya kati: vimeshapita picha tupu zenye sentensi moja chini, lakini havijawa riwaya. Herufi kubwa, picha kila baada ya kurasa chache, na sura fupi fupi. Vinawafaa watoto wa miaka 6 hadi 9 hivi, ingawa wangu ana 11 na bado anavisoma, na simharakishi. Zile sura ndizo zilizomvuta. Mtoto anayetaka kujua jambo litaisha lini kabla halijaanza, sura fupi ni kama kituo cha teksi (matatu zetu): anajua atashukia wapi. Yeye huhesabu kurasa za kila sura kwanza, anaandika idadi kwa penseli pembeni, ndipo anaanza. Zamani nilimkataza kuchafua kitabu. Nimeacha.

Swali la pili dukani: huyu mtoto anataka nini? Kama anachotaka ni kukubaliwa tu, hadithi itakuwa nyembamba. Angalia *A Boy Called Bat* cha Elana K. Arnold, kilichotoka Marekani mwaka 2017. Bat ana usonji, lakini shida ya kitabu si hiyo. Mama yake ni daktari wa mifugo, analeta nyumbani mtoto wa mnyama wa kule anayefanana na kicheche wetu, na Bat anataka abaki naye. Basi. Mwanangu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi kwa sababu ya neno kicheche. Wiki nzima kila kilichonuka nyumbani kwangu kiliitwa hivyo, hata mukene, dagaa wa jirani.

Kwa disleksia nina mmoja ninayempenda, Henry Winkler, mwigizaji aliyefika miaka 31 ndipo akajua kwa nini kusoma kulimtesa utotoni. Tangu 2003 ameandika pamoja na Lin Oliver hadithi za mvulana anayeitwa Hank, na mfululizo wa wadogo, *Here's Hank*, umechapwa kwa herufi maalumu zilizobuniwa kwa ajili ya wenye disleksia. Msikimbilie herufi hizo kama dawa. Kuna watafiti waliozipima wakakuta kinachosaidia zaidi ni nafasi kati ya herufi na maneno. Hilo ni habari njema kwa mwenye mfuko mdogo, maana kuachanisha herufi hata kwa kalamu ya wino unaweza.

Halafu kuna watoto wenye sura zetu. *Anna Hibiscus* cha Atinuke, mwandishi mzaliwa wa Nigeria, kilianza kutoka mwaka 2007. Anna anaishi kwenye boma moja na babu, bibi, wajomba, shangazi na binamu wasiohesabika. Nilichokipenda ni kwamba hakuna anayeeleza kwa nini nyumba imejaa. Binti yangu mkubwa aliuliza tu, "Kwani wao wanalala wapi wageni wakija?" Hilo ndilo swali la mtu aliyejiona ndani ya kitabu.

Hapa nieleze kosa langu kubwa. Nilikuwa nikifungua kitabu nasema, "Ona, huyu ni kama wewe." Mara ya tatu mwanangu wa pili alinijibu, "Mimi siyo mzungu," akaondoka. Sijarudia. Sasa naweka kitabu mezani na kuanza kumsomea mdogo wake, na yeye huja mwenyewe, akikaa akitupa mgongo, akisikiliza kila neno.

Na kumsomea mdogo wake kumezaa zaidi ya nilivyotarajia. Uani kwetu hupita pikipiki ya matangazo yenye spika kubwa, na mwanangu huziba masikio na kujikunyata ukutani. Watoto walikuwa wakimzunguka kumtazama. Baada ya wiki kadhaa za Bat jioni kibarazani, mtoto wa jirani, ana miaka 7, aliisikia spika ikiwa bado mbali, akakimbia kumwambia, "Ingia ndani, inakuja." Hakuna aliyemfundisha.

Vitabu hivi karibu vyote ni vya Kiingereza. Mimi nasoma kwa macho, mdomo unatoa Kiswahili. Wenzetu wa pwani wanapenda kusema Kiswahili kilifia Uganda. Na waje wasikilize kibarazani kwangu. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, lakini ukitafuta kitabu cha mtoto kwa lugha hiyo hapa Jinja utazunguka sana. Mimi humwagiza mtu anayevuka mpaka wa Busia kwenda Kenya. Na kuna African Storybook kwenye intaneti, bure, kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine nyingi, na unaruhusiwa kuchapa. Hadithi zake ni fupi, na watoto kama wangu ni wachache mle, ila kwa mazoezi ya kusoma zinatosha.

Vikikosekana vyote, tengeneza. Mwaka huu nilichukua daftari la kurasa 96, nikaanza hadithi ya mvulana anayejua vituo vyote vya teksi kutoka Jinja hadi Kampala, maana wangu anavijua na huvitangaza kwa sauti ya kondakta. Herufi nimeziachanisha, sura moja kurasa nne. Sura ya kwanza daraja la Nile, ya pili Njeru. Ya tatu nikaandika wanapita Lugazi, halafu Najjembe kwa wachoma kuku.

Akasoma mpaka hapo, akafunga daftari.

"Najjembe ndiyo inaanza."

Nikakata kwa mstari, nikageuza majina. Akatikisa kichwa. Ukurasa uliokatwa hausomeki, akasema, teksi haiwezi kupita hapo. Nikauchana, nikawasha taa, nikaanza sura ya tatu upya.