Kisu cha Marehemu Babu: Kutu Itoke, Chuma Kibaki

Swali: Marehemu babu ameniachia kisu kikubwa cha jikoni chenye muhuri wa Sheffield, Uingereza. Bapa limejaa kutu na mabaka meusi. Fundi mmoja sokoni anasema atakipitisha kwenye grenda king'ae upya kwa dakika tano. Nimpe? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Usimpe, ndugu yetu. Visu vya zamani vya chuma cha kaboni vilitiwa ugumu kwa moto, kisha vikalegezwa kidogo kwenye joto la nyuzi 200 hivi za Sentigredi ili visivunjike. Grenda hulipita joto hilo kwa sekunde chache, hasa kwenye makali, maana ndipo chuma kilipo chembamba. Makali yakigeuka buluu, yamekaribia nyuzi 300 na ugumu umepungua. Kisu kitanoleka, ila hakitakaa na makali.

Anza kwa kukijua chuma chenyewe. Dondosha tone la ndimu mahali palipo safi, subiri dakika kumi, ufute. Likiacha doa la kijivu, hicho ni chuma cha kaboni. Muhuri peke yake hauthibitishi, kwa sababu mji wa Sheffield ulitengeneza visu vya kaboni kwa karne nyingi, na chuma kisichoshika kutu nacho kikaanzia huko mwaka 1913.

Kisha tofautisha rangi. Kutu nyekundu inayomeguka ndiyo adui, kwa kuwa inaendelea kula chuma. Weusi au ukijivu ulio laini ukipitisha ukucha ni utando unaosaidia kukinga bapa. Huo uache. Wengi huukwangua wakidhani ni uchafu, na wiki haiishi kabla kutu mpya haijaingia.

Funika makali kwa utepe wa karatasi, laza bapa juu ya ubao, ulipake mafuta ya taa na uliache usiku kucha. Asubuhi sugua kwa pamba ya chuma namba 0000, ile laini kabisa, kufuata urefu wa bapa. Vipele vigumu vikwangue kwa ukingo wa kipande cha shaba ya njano. Shaba ni laini kuliko chuma cha kisu, haitakichora. Kama kutu bado ipo, osha mafuta yote kwa sabuni, kisha zungushia bapa kitambaa kilicholowa siki ya asilimia 5 kwa nusu saa, usugue, urudie ikibidi. Mpini usiguswe na siki. Usikilaze kisu kwenye siki hadi kesho yake: asidi ikishamaliza kutu huanza kula chuma chenyewe na kuacha uso wenye chenga. Ukimaliza, osha kwa nusu lita ya maji yenye kijiko kimoja cha baking soda, kausha papo hapo na upake mafuta. Ukichelewa hata dakika chache, utaona rangi ya chungwa imerudi.

Msasa wa maji namba 400, kisha 800, utumie tu kama hayo yote yameshindwa, nao usipite juu ya muhuri. Vishimo vidogo vilivyobaki havidhuru kitu isipokuwa vikiwa kwenye makali.

Swali: Mpini wa kisu cha bibi unacheza. Nimimine gundi tu? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Gundi ikimiminwa juu ya kutu hushika kutu, haishiki chuma. Kama msuka (ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini) umechomekwa ndani ya mpini wenye noleo, yaani pete ya chuma shingoni mwake, pasha mpini joto kwa draya ya nywele mpaka gundi ya zamani ilainike, kisha uvute taratibu. Safisha msuka hadi chuma kionekane. Changanya epoksi, ile ya mirija miwili, na unga wa mbao, ujaze tundu, ukiache kisu kimesimama saa 24. Kama mpini umebanwa kwa ribiti, lisha mti mafuta ya kitani (linseed) kwanza, tabaka jembamba kwa siku, siku tatu. Ndipo ugonge ribiti kwa nyundo ndogo. Mti mkavu hupasuka ukigongwa.

Matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke. Yakikunjwa pamoja hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto.

Swali: Tuna jambia ya ukoo, ala yake ya fedha imekuwa nyeusi. Nataka ing'ae kwa ajili ya harusi. (Msomaji, Unguja)

Jibu: Ing'arishe sehemu zilizoinuka tu. Weusi uliokaa ndani ya nakshi ndio unaoifanya nakshi isomeke. Tumia kitambaa laini cha pamba na unga wa chaki uliolowa spiriti kidogo. Dawa ya meno huchuna fedha, na kuichovya kwenye maji ya magadi na foili huondoa weusi wote, tena hulowesha mti na ngozi ya ndani. Bapa lake lisinolewe. Lipake mafuta basi. Baada ya harusi lihifadhi nje ya ala, kwa sababu ngozi hutunza unyevu na chumvi.

Kama mpini ni wa pembe, uchunguzwe kabla hamjafikiria kuiuza au kuituma nje. Biashara ya kimataifa ya pembe za kifaru imezuiwa tangu 1977 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Waulizeni kwanza maofisa wa wanyamapori.

Swali: Kutu imetoka. Ninoeje, na nipake mafuta gani? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Kinoo cha namba 1000, kisha 3000. Kupata pembe ya kunolea, kunja kona ya karatasi katikati mara mbili: nyuzi 90 zinakuwa 45, kisha 22 na nusu. Kilaze kisu kwenye kinoo kwa pembe ndogo kidogo kuliko hiyo. Noa upande mmoja mpaka uhisi kwa kidole gumba ukingo mwembamba uliojikunja upande wa pili, kuanzia kishikio hadi ncha, ndipo ugeuze. Ukihama upande kabla ukingo huo haujatokea, unachosha mkono bure.

Mafuta ya nazi yanafaa kwa kisu cha chakula. Ya alizeti hukauka yakawa gundi. Paka, futa ubaki utando tu, na ukague bapa kila mwezi; Pwani, kila wiki mbili.