Stendi ya vyuma ya kujichomelea

SWALI: Fundi, nataka kujichomelea stendi ya kunyanyulia vyuma nikiwa nimelala kwenye benchi. Nina mabomba ya maji yaliyopakwa zinki. Yatahimili kilo 100?

JIBU: Kabla ya uzito, tuongelee zinki. Ikiungua hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye unashikwa na homa na kutetemeka. Iondoe kwa grenda pande zote za kiungo, ukiwa na barakoa ya kufaa, kisha chomelea nje penye hewa.

Kwa uzito huo, mimi ningechagua bomba la mraba la milimita 50, unene milimita 3. La duara lazima mdomo uchongwe ufuate mwenzake, la sivyo unabaki unajaza mapengo.

Ukimaliza, gonga gaga (ganda gumu linalofunika mshono), piga brashi, tazama mshono. Uliotuna juu kama kamba, kingo hazijayeyuka, haujashika: saga, rudia. Rangi baadaye.

Na tafadhali, weka mikono ya usalama, yaani vyuma vya pembeni vya kudaka uzito ukikushinda, chini kidogo ya usawa wa kifua kilichoinuliwa lakini juu kuliko usawa wa shingo. Bila hiyo, usilale hapo peke yako. Kwanza pakia kilo 150, tikisa, kagua viungo vyote upya.