Kipupwe cha Dodoma na ugonjwa wa kuambukiza: mlimani hakuna shida, shida iko kwenye Coaster

Mtu ambaye hajawahi kukaa Dodoma mwezi Julai huwa anacheka ukimwambia huku kuna baridi. Aje asimame Nyerere Square alfajiri na fulana yake ya Dar, halafu tutaongea. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku nyuzijoto zinashuka hadi 13 au 14, na upepo unapiga mchana kutwa na vumbi lake jekundu. Ndiyo maana kipupwe kikiingia, wengi tunajifungia ndani. Madirisha yanafungwa, watu wanabanana sebuleni na runinga, na wengine, Mungu awasamehe, wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Moshi wake huo usioonekana unaua hata bila korona.

Mwaka 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa 16 Machi, shule zikafungwa mara moja. Vyuo vilifunguliwa 1 Juni, shule zote 29 Juni. Yaani watu walianza kutoka majumbani baridi ikiwa ndiyo inachanganya. Sisi wa jogging na kupanda kilima cha Mlimwa tukawa tunabishana: tutoke au tutulie? Nilikuwa upande wa kutoka, na sijabadilika. Ugonjwa unaosambaa kwa pumzi unapenda chumba kilichofungwa. Nje, tena kwa upepo huu wa kwetu, pumzi ya mtu haikai mahali pamoja.

Ila matembezi yana kwenda na kurudi, na yana kula. Hapo ndipo watu wanapoumia. Wenzetu wa nchi za theluji walishaliona: Machi 2020, Ischgl, kamji ka Austria ka watu wa kuteleza kwenye theluji, kaliwekwa karantini baada ya wageni kuambukizana, hasa kwenye baa za jioni, wakaondoka na virusi hadi Ujerumani, Norway na Iceland. Theluji yenyewe haikuwa na kosa. Majira yao ya baridi yaliyofuata Ufaransa ilizuia lifti za kupandisha watu milimani, lakini anayetaka kutembea kwa miguu aliruhusiwa.

Lifti yetu sisi ni Coaster, basi dogo la kukodi. Mnaijua hadithi yake: aliyekaa nyuma anafungua kioo, wa mbele anapiga kelele "funga bwana, vumbi hilo!", mwingine anaunga mkono kwa sababu ya baridi, mnakwenda hadi Kondoa mmefungiwa pamoja mkiimba. Kuimba! Ugonjwa ukiwepo, nendeni wachache kwa gari dogo, wa nyumba moja ikiwezekana, na vioo vishushwe hata kidogo. Anayesikia baridi avae sweta na mzula. Barakoa ya kitambaa inalowa kwa pumzi kisha inashika vumbi, kwa hiyo beba mbili au tatu kwenye mfuko safi, na zilizotumika ziwe na mfuko wake.

Kuhusu kikohozi sina huruma. Hewa ya kipupwe ni kavu, kila mtu anakohoa, na kila mtu atakuambia "ni vumbi tu." Huenda ni kweli. Abaki nyumbani hata hivyo, atakuja wiki nyingine, mlima hauhami.

Pa kwenda? Kama hujafika Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro ya kale, anzia huko. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na barabara kuu ya Babati sasa ni lami. Nchi ilipositisha ndege za abiria kutoka nje, kati ya Aprili na Mei 2020, ndipo baadhi yetu tulipokumbuka kwamba wageni wanavuka bahari kuja kuona kitu kilicho jirani yetu. Michoro iko chini ya miamba iliyoinama, pako wazi, hewa inapita. Ingieni kwa zamu tu, msimsonge muongozaji. Na usiguse michoro wala kuimwagia maji ili picha itoke vizuri, inaharibika.

Wengi wetu safari hizi tunaziunganisha na kumsalimia bibi kijijini. Hapa nawasihi mgeuze ratiba: bibi kwanza, matembezi baadaye, siyo mmalize kuchangamana ndipo mkamkumbatie. Akikukaribisha ndani, mwombe mkae uani. Saa tatu asubuhi wazee wenyewe wanakuwa nje wakiota jua, hivyo hakuna atakayeona umemdharau. Shikamoo inafika hata ukiwa upande wa pili wa mkeka.

Chakula kila mtu na chake, viazi na karanga vinatosha. Chai iwe kwenye chupa moja kubwa, mmiminaji mmoja aliyenawa, na kila mmoja aje na kikombe chake. Vya bati utavipata soko la Majengo. Andika jina chini kwa rangi ya kucha, maana vyote vinafanana.