Kabla Hujachapisha Bango la Ziara

Juzi usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Mbeya. Kaanza na "Shikamoo dada", nikajua hapa kuna jambo. Kamaliza albamu yake ya kwanza, nyimbo 14, Afrobeats tupu, ule muziki wa kina Burna Boy wa Nigeria, mbili kaimba kwa pijini ya Kinaijeria ingawa Lagos hajawahi kufika. Albamu inatoka Ijumaa. Jumamosi ya wiki inayofuata anaanza ziara ya mikoa minane. Alikuwa na swali moja tu: "Burna Boy anajaza uwanja London, mimi nishindwe kujaza ukumbi Iringa?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo hilo niliwahi kujiuliza, na jibu lake lilinila milioni nne.

Ilikuwa 2019. Nilikuwa na albamu ya nyimbo 11. Habari za studio naziruka, kila msanii anazo na zote zinafanana: umeme umekatika, prodyuza kalala, biti imepotea kwenye kompyuta. Ninachotaka mjue ni kwamba mkopo aliuchukua mama kwenye kikoba chake, kwa jina lake, kwa sababu nilimwambia nitaurudisha ndani ya miezi miwili. Burna Boy amesimamiwa na mama yake, Bose Ogulu, nami nikajiona tuna mpango mmoja. Tofauti ni kwamba mama Burna alikuwa anasoma mikataba, mama yangu alikuwa anauza vitumbua.

Promota nilimpata kupitia rafiki. Mtu wa simu mbili, anaongea nazo zote kwa wakati mmoja. Akanipangia Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, barabara moja tu hiyo, unanyoosha. Albamu ilitoka Alhamisi, Jumamosi tuko Morogoro. Pale walikuja watu kama sitini, wengi wao shangazi na watoto wa shangazi, kwa hiyo sikushtuka. Niliona kama sherehe.

Dodoma ndiko nilikoshtuka. Ukumbi ulikuwa wa watu 800. Nilichungulia kwenye pazia nikaona viti vya plastiki vyeupe vimepangwa safu kwa safu kama meno, na watu 41. Nilihesabu mara mbili. Mara ya pili nikagundua kwamba sita kati yao walikuwa walinzi. Stendi ya maikrofoni ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli na kila nilipoigusa ilinisujudia. Niliimba nyimbo zangu mpya tano mfululizo, na hakuna aliyefumbua mdomo, kwa sababu nyimbo hizo hawakuwa wamezisikia. Zilikuwa na umri wa siku tisa. Baada ya ule wa tano, mama mmoja safu ya pili akaniambia kwa upole kabisa, bila maikrofoni, maana ukumbi ulikuwa kimya kiasi hicho: "Mwanangu, tuimbie ule wa zamani." Wa zamani ni wa 2016. Nikauimba. Wote 41 waliuimba, hata walinzi.

Nilipaswa kuelewa palepale. Sikuelewa.

Singida tulifika saa nne asubuhi, simu ya promota haipatikani. Zote mbili. Ukumbi haujalipiwa, mabango hayajabandikwa, na mwenye gesti kashaandika majina yetu sita kwenye daftari lake. Dereva wa Coaster alikaa kwenye ngazi ya gari, akasema bila kupandisha sauti kwamba hasogei bila mafuta. Mpiga besi, ambaye tulianza naye muziki kanisani, alipanda basi la kurudi Dar bila kuniaga. Kinanda changu kilibaki gesti kama dhamana na sijawahi kukifuata. Huyo promota nimekutana naye mara mbili tangu siku ile, zote mbili harusini, na zote mbili aliniita "malkia". Sijamjibu. Nisameheni, lakini bado sijamaliza.

Basi turudi kwa Burna Boy, kwa sababu vijana mnamwona alipofika, njia aliyopita hamuioni. Albamu yake ya kwanza ilitoka 2013. Wembley Arena ya London akaijaza 2019, O2 Arena 2021, na London Stadium akaingia Juni 2023. Miaka kumi. Mtazame na Wizkid, Mnaijeria mwenzake: albamu ya kwanza 2011, Royal Albert Hall 2017, ukumbi wa watu elfu tano hivi. O2, yenye nafasi ya watu elfu ishirini, alipiga siku tatu mwishoni mwa 2021. Uwanja wa Tottenham ni 2023. Kila ukumbi ulijaa ndipo akatafuta unaofuata. Na angalia hili: albamu yake ya Made in Lagos ilitoka Oktoba 2020, O2 ni Novemba 2021. Ni kweli corona ilikuwa imefunga kumbi, lakini mwaka mzima ule watu waliukariri wimbo wa Essence uliomo humo, nyumbani kwao. Siku ya shoo, kazi yake ilikuwa kuelekeza maikrofoni kwa watu.

Najua utaniletea Tems, mwimbaji mwingine wa Nigeria. Albamu yake, Born in the Wild, imetoka Juni 2024 na ziara ikaanza mwezi huo huo, London. Sawa. Ila Tems alikuwa na nyimbo za For Broken Ears tangu 2020, na sauti yake kwenye Essence ilishazunguka dunia. Watu walikuja kwa sababu ya nyimbo walizokuwa nazo kwa miaka minne, mpya wakazikuta hapohapo. Wewe wa Mbeya, watu wana wimbo wako upi?

Sisemi haya kwa wivu. Au tuseme wivu upo kidogo, lakini sasa nina cha kuonyesha. Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani Tanga, kwenye bustani ya mgahawa, upande wa Raskazone. Mahali pa watu 150. Waliolipa ni 163, kiingilio elfu kumi, na wengine walisimama ukutani nje wakisikiliza bure, Mungu awasamehe. Nyimbo nilizoimba zilikuwa nje kwa miezi saba. Kwenye beti ya pili ya wimbo wa nne maneno yalinipotea, kabisa, nikasimama nimeachama mdomo. Bustani nzima ikaendelea. Nilishusha maikrofoni nikawaacha, na mama yangu yuko mbele kabisa, anaimba kwa kukosea, anacheka.

Hesabu naziweka hapa maana wasanii wetu tunazificha kama ugonjwa. Imeingia 1,630,000. Wapiga vyombo wanne, 480,000. Spika na fundi wake, 300,000. Nauli za kwenda na kurudi, 200,000. Gesti, 150,000. Matangazo, 120,000. Chakula, 80,000. Imebaki laki tatu. Laki tatu! Dodoma nilitoka na deni, na sura nimeificha kwenye mtandio.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: toa nyimbo kwanza, ziache zitembee. Halafu tafuta ukumbi mdogo kuliko ndoto yako. Halafu, narudia, ukumbi mdogo. Viti hamsini vilivyojaa vinakupa picha nzuri, na mwenye ukumbi mwenyewe atakupigia simu akutafutie tarehe nyingine. Promota akupe kianzio mkononi kabla gari halijawashwa, na kama ni mtu wa simu mbili, chukua namba ya mkewe pia. Usikope kwa jina la mama yako. Hilo halina mjadala, na wadogo zangu mnaosoma hapa mnipe heshima hiyo: mama hakuzaliwa kuwa benki. Wangu alilipa kikoba kwa miezi kumi na minne, vitumbua kwa vitumbua, na hakuwahi kunitajia. Niliambiwa na jirani.

Tena acheni haraka. Mnataka nyomi kabla hamjajua kuimbia watu kumi. Mnatafuta kiki, mnatafuta kolabo, mnalipia watu waseme mmetrendi, na wimbo wenyewe hata mdogo wako nyumbani haujui. Mwimbieni kwanza huyo mdogo wako. Akiuimba wakati anaosha vyombo bila kuombwa, hapo tuongee.

Yote haya nilimwandikia yule kijana, marefu kuliko hapa, saa saba za usiku. Nikamwambia ahirishe mikoa saba, abaki na Mbeya, apige mahali padogo mwezi wa tano au wa sita kuanzia sasa. Asubuhi nikakuta jibu.

"Asante sana dada, nimekuelewa. Ila bango limeshachapishwa. Nakala mia tano."

Na chini yake picha: kavaa miwani ya jua, nyuma yake uwanja umejaa watu.