Maswali ya wasomaji: i7 ya mwaka 2011 au i3 ya mwaka 2017?

Wahariri, habari za kazi. Nafungua steshenari Nkuhungu, hapa Dodoma, na nimepata kompyuta mbili za mezani za mtumba, bei zao zinakaribiana. Moja ina Core i7-2600, nyingine Core i3-8100. Muuzaji anasema nichukue i7 kwa sababu saba ni kubwa kuliko tatu. Kazi zangu ni kuchapa barua, kuskani, kujazia watu maombi ya vyuo na ajira mtandaoni, na mara mojamoja kadi za harusi. Nichukue ipi?

Chukua i3-8100. Hiyo saba na tatu inalinganishwa pale tu prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) zote mbili zinapokuwa za kizazi kimoja. Kizazi kinasomwa baada ya kistari: i7-2600 ni ya kizazi cha 2, i3-8100 ni ya kizazi cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, mfano i3-10100, soma mbili za mwanzo, yaani kizazi cha 10. i7-2600 ilitoka Januari 2011, i3-8100 Oktoba 2017. Muuzaji huenda analijua hilo vizuri tu.

Kwenye karatasi ile ya zamani inapendeza: viini 4 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) vinavyoendesha nyuzi 8, yaani mikondo 8 ya kazi kwa pamoja, kwa Hyper-Threading, mbinu ya kukipa kila kiini mikondo miwili, na kasi ya gigahezi 3.4 inayopanda hadi 3.8. Hiyo i3 ina viini 4, nyuzi 4, gigahezi 3.6, na haipandi zaidi ya hapo. Ila gigahezi zinahesabu mapigo tu, hazisemi kila pigo limemaliza kazi kiasi gani. Kiini cha kizazi cha 8 kinamaliza maagizo mengi zaidi kwa pigo moja, na kazi zako nyingi, kama kufungua kivinjari, kupakia fomu na kuhifadhi PDF, hutegemea kiini kimoja au viwili. Nyuzi nane hazitakusaidia hapo.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo ina mchango wake. i7-2600 inatumia DDR3 ya 1333, i3-8100 inatumia DDR4 ya 2400. Faida hiyo inapungua sana kama muuzaji ameweka kijiti kimoja tu, kwa hiyo dai viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha GB 8. Halafu kuna Windows. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure, yakiwemo ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel orodha rasmi ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11 kwa jumla inaanzia kizazi cha 8. Kwa mashine inayopokea flashi za kila mteja, sisi tungeamua kwa kigezo hiki peke yake.

Umeme usikusumbue. Wati 95 za i7 na 65 za i3 si zinazoliwa muda wote; zinahusu joto ambalo feni inapaswa kuliondoa kazi ikikolea. Hata zote zingefanya kazi kwa nguvu zote saa 10 mfululizo, tofauti ya wati 30 ni yuniti 0.3 za LUKU. Printa ya leza inakula zaidi inapopasha moto. (Usiichomeke kwenye UPS, kile kiboksi cha betri cha kushikilia umeme ukikatika.)

Kabla ya kulipa, iwashe hapohapo dukani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua ukurasa wa utendaji (Performance), usome jina lote la prosesa. Ukikuta i3-8100T, hiyo ni nyingine: gigahezi 3.1, ya makasha madogo. Angalia na kasi inayoonyeshwa wakati programu inafunguka. Ikiganda karibu na gigahezi 0.8, kuna kitu kinaibana. Kwenye baadhi ya Dell ndogo chanzo huwa ni adapta isiyotambuliwa na mashine.

Wahariri, nasoma UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Nimepima i7-2600 na i3-8100 kwa kipimo kilichomo ndani ya 7-Zip, programu ya kubana mafaili. Kwa uzi mmoja i3-8100 imeshinda, kwa nyuzi zote i7-2600 imeshinda. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kubana mafaili ni kazi inayosubiri RAM mara kwa mara; uzi mmoja ukisubiri, wa pili unatumia kiini kilekile. Hapo nyuzi 8 zinalipa. Chukua programu inayotegemea AVX2, maagizo ya prosesa yanayoshughulikia data nyingi kwa mkupuo, kama zile za kugeuza video, na mizani inaelekea upande wa i3, kwa sababu i7-2600 ina AVX peke yake. AVX2 ilikuja na kizazi cha 4, mwaka 2013.

Ila hakikisha umepima kwa haki: kamusi (kumbukumbu ambayo 7-Zip hutumia wakati wa kubana) ya ukubwa uleule, RAM vijiti viwili kila upande, kivinjari kimefungwa, na programu ya HWiNFO iwe wazi usome joto. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza ya mashine ya 2011 mara nyingi imekauka, na vumbi la kiangazi cha Dodoma linaziba mapezi ya kipoza joto hadi hewa haipiti. Prosesa ikikaribia nyuzijoto 100 inajipunguzia kasi yenyewe, na matokeo ya mzunguko wa tano hayatafanana na ya kwanza. Zima umeme, ng'oa kipoza, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati, kaza skrubu kwa kupishana pembe. Wakati wa kupuliza vumbi shikilia feni isizunguke.

Ofisi yetu Kongwa ina mashine ya i7-2600. Fundi anataka kutuuzia prosesa ya kizazi cha 8 aibadilishe humohumo. Inawezekana?

Haiwezekani. i7-2600 inakaa kwenye soketi ya LGA1155, kizazi cha 8 kinahitaji LGA1151 na madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yake. Hata madabodi za kizazi cha 6 na 7, ambazo soketi yake ina jina hilohilo la LGA1151, kwa kawaida haziikubali.

Kama mashine bado ina diski kuu ya kuzunguka (hard disk), weka SSD, diski isiyozunguka, ya SATA ya GB 240. Mtaona tofauti kubwa kuliko ya kubadili prosesa. Ichomekwe kwenye tundu la SATA namba 0: madabodi nyingi za kizazi hicho zina tundu moja au mawili tu ya gigabiti 6 kwa sekunde, yaliyobaki ni ya 3. Msinunue SSD ya NVMe, aina mpya isiyotumia SATA, maana mashine hiyo kwa kawaida haiwezi kuwakia kutoka humo.